Dawa za kupunguza unene: Kabla hujanunua, wasikilize wa Kibera na Kawangware

Ukishuka kwenye matatu ya nambari 46 pale Kawangware, huenda ukamkuta kijana ameweka mizani kando ya njia. Unalipa shilingi chache, unavua viatu, unapanda, na mshale unakwenda unakokwenda. Wako wanaocheka. Wako wanaoshuka upesi kabla mwenzao hajachungulia. Je, msomaji, wewe ni wa kundi lipi?

Kuna wakati swali hili lingekushangaza. Wazee wetu walikihesabu kitambi kuwa dalili ya neema, na mke aliyenenepa baada ya harusi alikuwa sifa kwa mumewe. Siku hizi mambo yamegeuka. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na jamii wa mwaka 2008 na 2009 ulionyesha kuwa wanawake 25 katika kila 100 nchini Kenya walikuwa na uzani uliozidi kiasi. Mwaka 2014 walikuwa 33. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulipowatazama wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 49, waligeuka kuwa 45 katika kila 100.

Usidhani hao wote wanaishi Lavington na Karen. Pita Kibera jioni, kuanzia Makina hadi Laini Saba, uone kinachouzwa: chapati, chipsi, mandazi, soseji, soda. Mafuta ya kupikia yanapimwa kwa kikombe kidogo, kwa hivyo hata mwenye shilingi chache hayakosi. Matunda na samaki ndiyo yanayoshinda mfuko. Na baada ya kazi, utakimbia wapi kufanya mazoezi? Vichochoro ni vyembamba, na usiku si salama.

Basi watu wanatafuta dawa. Nimezungumza na watatu waliozitumia. Wote waliomba majina yao yasichapishwe, nawe utakaposoma utaelewa sababu.

Mama wa chapati

Wa kwanza anauza chapati na maharagwe Kawangware. Ana umri wa miaka 47 na watoto wanne. Alipopimwa na kuambiwa ana ugonjwa wa sukari, uzani wake ulikuwa kilo 104. Magoti yalimuuma hata kuinuka kwenye kigoda ilikuwa kazi. Alipewa vidonge vya metformini akavimeza kwa mwaka mzima. Sukari ilishuka kidogo, lakini uzani haukutikisika.

Binti yake, ambaye anafanya kazi za nyumbani Saudi Arabia, alisikia habari za sindano ya kila wiki. Akamwambia mamake amuulize daktari. Daktari akampima damu, akamuuliza kama kuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kuugua saratani ya tezi la shingo, akamwandikia karatasi ya dawa iitwayo semaglutaidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ozempic. Binti akawa anatuma pesa kila mwezi.

"Wiki ya kwanza nilidhani nimelogwa," mama huyu anasema huku akigeuza chapati. "Mimi ninayepika kutwa nzima, harufu ya mafuta ilinichefua. Nilitapika mara mbili. Lakini baada ya mwezi tumbo lilitulia. Nikawa nakula chapati nusu, nimeshiba."

Tatizo jingine lilikuwa jokofu. Kalamu ya dawa hii, kabla haijafunguliwa, hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, bila kuganda. Ikishaanza kutumika inaweza kukaa nje kwa siku 56, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Wewe unayeishi katika nyumba ya mabati unajua jinsi saa saba mchana kunavyokuwa. Mama huyu alikubaliana na mwenye duka la soda. Kalamu yake ikawa inalala katikati ya chupa, imefungwa katika mfuko mweusi, ili wateja wasiulize.

Kwa miezi mitano alipungua kilo 9. Magoti yakapata nafuu. Sukari ikashuka hadi daktari akafurahi. Lakini majirani hawakufurahi.

Ukikonda, watu huongea

Msomaji, kama ulikuwa mtu mzima miaka ile ya themanini na tisini, unakumbuka kukonda kulimaanisha nini. Nchini Uganda, UKIMWI ulipoanza kuua watu, wenyeji waliuita "Slim", yaani ugonjwa wa kukondesha, na mwaka 1985 madaktari walitumia jina hilo hilo katika jarida la Lancet. Hapa kwetu tulisema fulani amekanyaga waya. Dawa za kupunguza makali ya virusi zimekuja, watu wanaishi miaka mingi na afya yao, lakini jicho la jirani halijasahau.

"Kwanza waliniuliza, 'Mama, unaugua?' Nikasema la, niko sawa," anaeleza. "Halafu wakaacha kuniuliza. Hapo ndipo nilipojua wanasema. Wateja wawili, watatu, wakahamia kibanda cha ng'ambo. Mtu akidhani unaugua, hataki chapati iliyoshikwa na mkono wako."

Alifanya nini? Aliuficha ukweli kwa miezi miwili. Mwishowe dadake ndiye aliyemwambia: heri kusema una ugonjwa wa sukari, unatibiwa, kuliko kuacha watu wakutungie ugonjwa. Siku moja akaja kibandani na kile kifaa cha kupimia sukari, akajidunga kidole mbele ya wateja, akawaonyesha namba. Baadhi walirudi. Wawili wakaomba na wao wapimwe.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Mkataba wa binti Saudi Arabia uliisha, pesa zikakatika, na sindano ikakatika. Katika miezi minane kilo 6 zilirudi. "Njaa ilirudi kama deni," asema.

Je, alikosea? La. Ndivyo dawa hii ilivyo, na ni vyema ulijue jambo hili kabla hujatoa hata shilingi moja.

Dawa inavyofanya kazi

Unapokula, utumbo wako hutoa homoni inayopeleka habari kwenye ubongo kwamba chakula kimefika. Homoni hiyo husaidia kongosho kutoa insulini, na hufanya chakula kikae tumboni muda mrefu zaidi. Tatizo ni kwamba huvunjika baada ya dakika chache tu. Semaglutaidi imetengenezwa kuiga homoni hiyo, ila yenyewe hudumu mwilini kwa siku kadhaa. Ndiyo maana sindano moja inatosha wiki nzima.

Kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark ndiyo iliyoitengeneza. Marekani iliiruhusu kwa jina la Ozempic mwaka 2017 kwa wagonjwa wa kisukari. Mwaka 2021 dawa hiyo hiyo, kwa kipimo kikubwa zaidi na kwa jina la Wegovy, iliruhusiwa kwa watu wanene. Katika jaribio lililochapishwa mwaka huo wa 2021, watu 1,961 walifuatiliwa kwa wiki 68. Waliopewa dawa walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzani wao. Waliodungwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Ndugu yake, tirzepataidi, inayouzwa kwa jina la Mounjaro na kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, imepunguza watu zaidi ya hapo.

Sasa sikiliza upande wa pili. Wale waliofuatiliwa baada ya kuacha semaglutaidi walirudisha, katika mwaka mmoja, karibu theluthi mbili ya uzani waliokuwa wamepoteza. Dawa haing'oi mzizi wa unene. Inazuia njaa wakati ipo mwilini, kama vile kidonge cha presha kinavyozuia presha siku unayokimeza. Kwa hivyo swali lako lisiwe tu, "Nitapata wapi pesa za mwezi huu?" Jiulize pia, "Na mwaka ujao?"

Madhara yake ya kawaida ni kichefuchefu, kutapika, kuhara au kufunga choo. Kwa sababu hii daktari huanza na kipimo kidogo kwa wiki nne, kisha hupandisha polepole. Wachache hupata vijiwe katika nyongo au uvimbe wa kongosho. Ukisikia maumivu makali ya tumbo yasiyokoma, usingoje kesho. Anayetumia insulini au vidonge vingine vya sukari pamoja na sindano hii anaweza kushukiwa na sukari ghafla, akatetemeka na kuanguka. Na mwanamke anayetaka kupata mimba hutakiwa kuiacha semaglutaidi angalau miezi miwili kabla.

Choo cha majirani kumi

Wa pili ni kijana wa Kibera, mwanafunzi wa chuo, mwenye umri wa miaka 22. Wenzake walimtania kwa jina la "Tanki". Alisikia kuna vidonge vinavyozuia mafuta, akavinunua bila karatasi ya daktari wala swali lolote. Dawa hiyo huitwa orlistati, na jina lake la duka ni Xenical. Marekani iliiruhusu mwaka 1999.

Dawa hii haina habari na njaa. Inazuia kimeng'enya kinachovunja mafuta tumboni, hivyo karibu theluthi moja ya mafuta unayokula hupita bila kuingia mwilini. Yanapita kwenda wapi? Nadhani umeshajua.

"Nilikula chipsi mchana kama kawaida," kijana asimulia, na hata sasa anaona haya. "Usiku tumbo likaanza. Choo chetu tunatumia nyumba kumi, na usiku hufungwa na kufuli. Ufunguo uko kwa caretaker. Sikumaliza hata ngazi." Alifua suruali yake usiku kucha, na asubuhi akavitupa vidonge vyote.

Usimcheke, msomaji. Kosa halikuwa la dawa, wala si kosa lake peke yake. Hakuna aliyemwambia kwamba anayemeza orlistati ni lazima apunguze mafuta, la sivyo kinyesi huwa cha mafuta na hutoka bila hodi. Hakuna aliyemwambia kwamba dawa hiyo huzuia pia vitamini A, D, E na K. Zaidi ya yote, hakuna aliyemuuliza kama kwao choo kiko karibu. Daktari wa Ulaya anayeandika dawa hii hana haja ya kuuliza swali hilo. Wetu anayo.

Kalamu ya watu wawili

Wa tatu ni dada anayeishi Kawangware na kufanya kazi ya nyumbani Lavington, ng'ambo ya barabara tu. Kila wiki alikuwa akiiona kalamu ya sindano katika jokofu la mwajiri wake, na kila mwezi alimwona mwajiri akipungua. Siku moja alipewa kalamu iliyobakia dawa kidogo. "Aliniambia, 'Badilisha sindano tu, itakusaidia na wewe.' Alikuwa ananipenda. Nilimshukuru."

Hakupimwa presha. Hakuulizwa kama ana mimba. Hata kipimo hakukijua: mwajiri alikuwa amefika kipimo cha juu, naye dada akaanzia hapo hapo. Alitapika siku tatu mfululizo, maji hayakai tumboni, mpaka akapelekwa hospitali na kutundikiwa maji.

Hatari kubwa zaidi aliijua baadaye. Kalamu ya sindano ni ya mtu mmoja. Hata ukibadilisha sindano, damu kidogo inaweza kuwa imerudi ndani ya kalamu, na pamoja nayo virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini. Ilimbidi apimwe, kisha angoje na kupimwa tena. "Majuma yale sikulala," asema. Majibu yalikuwa mema. Hata hivyo anaomba uyasome maneno haya mara mbili: usikubali kalamu ya mtu, hata akiwa mtu akupendaye.

Tumepita njia hii kabla

Huenda unasema, dawa hizi ni mpya, makosa ni ya ugeni. La hasha. Dunia imetafuta njia ya mkato ya kukonda kwa muda mrefu, na si mara moja imelipa kwa maisha. Miaka ya 1930 Wamarekani walimeza dinitrofenoli, kemikali inayouchoma mwili kwa ndani. Wengine walipofuka kwa mtoto wa jicho, wengine walikufa kwa joto la mwili wao wenyewe. Mwaka 1997 fenfluramini, iliyokuwa ikimezwa pamoja na fentemini, iliondolewa madukani baada ya kugunduliwa inaharibu vali za moyo. Mwaka 2010 sibutramini nayo ikaondolewa Ulaya na Marekani, kwa kuwa iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Na sibutramini haikufa. Wakaguzi wa Marekani wameikuta mara nyingi ikiwa imechanganywa kisirisiri katika vidonge na vinywaji vya kukondesha vinavyouzwa kama "mitishamba asilia". Kwa hivyo ukiona majani ya chai ya kukondesha yasiyo na jina la mtengenezaji, yanayokufanya moyo uende mbio na usingizi ukimbie, jiulize ni mti gani huo.

Hata sindano yenyewe inaghushiwa. Mwezi wa Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu Ozempic bandia iliyopatikana Brazil, Uingereza na Marekani mwaka uliotangulia. Ikiwa nchi zile zilipenyezewa, je, mtaani kwetu?

Kuna pia wanaomeza vidonge vya kukojoza au vya kuharisha. Hivyo haviondoi mafuta hata kidogo. Vinaondoa maji na chumvi ambazo moyo unazihitaji ili upige sawasawa. Mizani itashuka Jumamosi na kupanda Jumatatu, na katikati ya siku hizo unaweza kuanguka.

Nani anafaa kupewa?

Chukua uzani wako kwa kilo. Ugawanye kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mfano: mtu wa kilo 80 mwenye urefu wa mita 1.6. Mita 1.6 mara 1.6 ni 2.56, na 80 ukigawanya kwa 2.56 unapata 31. Kuanzia 25 uzani umezidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Kwa kawaida madaktari hufikiria dawa kwa mtu aliyefika 30, au aliyefika 27 naye tayari ana ugonjwa kama presha au kisukari. Kama wewe ni 24 na unataka tu gauni la harusi likuenee, dawa hizi si zako.

Na kama ni zako, usione aibu. Mwezi wa Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza semaglutaidi na tirzepataidi katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari walio pia na ugonjwa wa moyo au figo pamoja na unene wa kupindukia. Maana yake ni kwamba mtu wa namna hiyo anahesabiwa kuwa mgonjwa anayestahili dawa, wala si mtu mlafi. Kinachobakia ni bei. Mtu wa kipato chake akilipa mwenyewe, mwezi mmoja wa sindano hula pesa za kodi ya nyumba na za chakula pamoja.

Ufanye nini?

Anza na kupimwa. Kwa wakazi wa Kibera hili si jambo geni: Madaktari Wasio na Mipaka walifanya kazi huko kuanzia mwaka 1997 hadi 2017, na kabla ya kuondoka walikuwa wakitibu kisukari na presha pamoja na UKIMWI mahali pamoja, ndipo wakakabidhi kituo cha Kibera South kwa serikali. Muulize daktari maswali manne: Dawa hii inafaa ugonjwa wangu? Nitaimeza au kujidunga kwa muda gani? Nikikosa pesa katikati, nifanye nini? Nikiona dalili gani nirudi mbio?

Nunua kwenye duka lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Leseni hutundikwa ukutani, na una haki ya kuisoma. Mwuzaji akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu.

Mwajiri, ikiwa unampenda msaidizi wako wa nyumbani, mpeleke kwa daktari, usimpe kalamu yako. Mzazi, chunguza jina ambalo mwanao anaitwa na wenzake. Nawe jirani, mwenzako akikonda, mwulize hali kwa mdomo wako mwenyewe, usimtungie ugonjwa.

Mama wa chapati sasa anatumia metformini, na kila asubuhi anatembea kwa miguu kwenda kununua unga badala ya kupanda boda. Amepunguza mafuta katika chapati zake mwenyewe, ingawa si katika za wateja. "Wateja watanikimbia mara ya pili," anacheka. Kilo 3 kati ya zile 9 hazijarudi. Kifaa cha kupimia sukari kiko pale pale kibandani, kando ya kopo la pesa, na anayetaka kupimwa huketi akanyoosha kidole.